Treni Isimame, Basi Lisubiri: Mjadala wa Usafiri Pembezoni mwa Udzungwa

Ukitazama ramani ya Mkoa wa Morogoro huwezi kusema bonde la Kilombero limenyimwa njia. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, inapita chini ya milima ya Udzungwa na ina stesheni Mang'ula, kijiji chenye makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, kilomita zipatazo 67 ambazo kwa miaka mingi zilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, imewekwa lami. Daraja la Magufuli kwenye mto Kilombero lilifunguliwa 2018, watu wakaachana na kivuko. Na tangu katikati ya 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa, SGR, inamtoa abiria Dar es Salaam na kumfikisha Morogoro kwa muda usiozidi saa mbili.

Njia zipo. Zinachokosa ni kukutana. Abiria wa Ifakara anayeshuka stesheni ya SGR pale Kihonda, Morogoro, inambidi atafute usafiri mwingine hadi kituo cha mabasi cha Msamvu, kisha aanze upya kusaka basi. Anayeshuka treni ya TAZARA Mang'ula usiku hujitegemea yeye na bodaboda. Kila chombo kina saa zake, tiketi yake na wakubwa wake.

Mjadala huu unauliza nini kifanyike, kwa faida ya nani, na kwa gharama ya nani. Wasemaji watano wanaofuata nimewabuni mimi. Hoja zao sikuzibuni, kwani zinasikika kwenye mabenchi ya stesheni, kwenye vijiwe vya madereva na kwenye mikutano ya vijiji kandokando ya hifadhi. Yupo Mama Mfanyabiashara, anayenunua mchele na ndizi kati ya Mlimba na Mang'ula. Yupo Dereva wa kosta ya Ifakara kwenda Morogoro. Yupo Mhifadhi, askari wa wanyamapori aliyestaafu. Yupo Mwongozaji, kijana anayepandisha wageni milimani. Na yupo Mchumi wa masuala ya uchukuzi. Msimamo wangu nitauweka wazi mwishoni.

Duru ya kwanza: Shida hasa ni nini?

MAMA MFANYABIASHARA: Nianze mimi, maana wote hapa mnakula mchele ninaousafirisha. Ukitoka Ifakara kwenda Mbingu, Mngeta, Chita mpaka Mlimba, masika ikikolea barabara inakuwa ya kubahatisha. Mafuriko ya 2024 kila mtu aliyaona. Siku kama hizo tegemeo ni reli. Ile treni ya wenyeji, tuliyozoea kuiita Kipisi kwa sababu inakwenda kipande cha Kidatu na Makambako tu, haiendi Zambia, ndiyo iliyotulea. Inasimama stesheni ndogondogo ambazo treni kubwa inazipita. Unapakia gunia, mkungu wa ndizi, tenga la kuku. Mwanamke anapanda Mlimba na magunia matatu, anashuka Mang'ula, anauza, anarudi na sabuni na mafuta ya taa ya duka lake. Sasa baba, wewe kwenye kosta yako magunia matatu unayaweka wapi?

DEREVA: Buti ipo, mama.

MAMA MFANYABIASHARA: Buti ya mabegi hiyo. Gunia la lumbesa haliingii. Konda wako ananiambia nilipie siti mbili.

DEREVA: Na abiria wengine wapite wapi, kama gunia limelala kwenye korido? Mama yangu, mimi sikatai mzigo wako, nakataa kulaumiwa kwa kazi ambayo gari langu halikutengenezwa kuifanya. Kosta inabeba watu. Kwa watu, nawaambia ukweli, lami imetutoa mbali. Zamani Kidatu na Ifakara ilikuwa safari ya kuvunja springi. Leo mgonjwa anayetakiwa hospitali Ifakara anafika akiwa na nguvu. Kwa hiyo anayesema dawa ni treni, nauliza: barabara imetukosea nini?

MWONGOZAJI: Haijatukosea, kaka. Ila sikiliza upande wa hifadhi. Udzungwa ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na utalii wake ni wa miguu. Hakuna kuzunguka na gari kuangalia simba kama Mikumi. Maporomoko ya Sanje, yenye jumla ya mita 170, unayafikia kwa kupanda kilima ukitokwa jasho. Serengeti lazima ukodi gari, na hapo ndipo Mtanzania wa kawaida anaposhindwa. Hapa mwanafunzi wa Dar mwenye viatu imara na nauli anaweza kutalii kama yeyote. Hakuna hifadhi inayomfaa mtu wa basi na treni kuliko hii. Lakini akinipigia simu kuniuliza anafikaje, namtajia SGR mpaka Morogoro, bodaboda mpaka Msamvu, basi la Ifakara, kisha amkumbushe konda amshushe Mang'ula. Wengi nikifika hapo kwenye simu wananiambia watafikiria. Nao wakishafikiria wanakwenda Bagamoyo.

MHIFADHI: Nakusikia, mwanangu, ila ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Kabla ya kuuliza watu wafikeje, tuulize wakishafika wanakaa wapi na wanafanya nini. Bonde hili lilikuwa njia ya tembo kati ya Udzungwa na upande wa Selous, ambao sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na katika miaka hiyo hiyo vijiji vya ujamaa vikapangwa kandokando yake. Baadaye mashamba ya mpunga na miwa yakaongezeka. Shoroba za Ruipa na Nyanganje zilikufa mimi nikiwa kazini. Kila njia mpya ya watu hapa imefunga njia ya wanyama. Nitaomba jambo hilo lisiachwe mwishoni kama neno la shukrani.

MCHUMI: Halitaachwa, mzee. Mimi naongeza hili tu katika kutaja tatizo: hakuna mwenye kiungo. SGR ni ya Shirika la Reli Tanzania. TAZARA ni ya nchi mbili, Tanzania na Zambia, nusu kwa nusu. Barabara kuu ni ya TANROADS, za vijijini ni za TARURA, mabasi ni ya watu binafsi, geti la hifadhi ni la TANAPA. Kila mmoja akiulizwa atakuonyesha kipande chake, na huenda kweli kipande chake kiko vizuri. Lakini abiria hasafiri kipande. Nendeni Kidatu mkaone. Katika miaka ya 1960 ilijengwa reli ya tawi kutoka Kilosa kupitia Mikumi hadi Kidatu, yenye upana wa milimita 1,000. TAZARA ilipofika ikaja na upana wa milimita 1,067. Milimita 67 zikatosha kuzuia behewa la huku lisiingie kule. Ikabidi baadaye kijengwe kituo cha kuhamishia mizigo, na tawi lenyewe likaja kufifia. Kwa hiyo tabia hii ya kujenga bila kuangalia jirani ni ya zamani.

Duru ya pili: Basi lisubiri treni?

MWONGOZAJI: Ninachoomba mimi si reli mpya. Naomba basi moja la uhakika linaloondoka Kihonda dakika chache baada ya treni ya asubuhi ya SGR kuingia, lipite Mikumi, Kidatu, Mang'ula, liishie Ifakara. Na tiketi yake niikate pamoja na ya treni. Mabasi ya mikoani tayari yana tiketi mtandao. SGR inauza kwa simu. Kuziunganisha hakuhitaji saruji hata mfuko mmoja.

DEREVA: Kwa SGR nakubali, ile inajulikana inaingia saa ngapi. Ugomvi wangu ni ukiniambia nisubiri na treni ya TAZARA. Treni ile inatoka mbali, njia ni moja, injini ni chache. Ikikwama Makambako, mimi Mang'ula nitajuaje? Nina abiria wanane tayari wamekaa, wanapiga makofi kwenye bodi wanataka tuondoke. Tajiri wangu anataka hesabu yake jioni. Nikisubiri saa tatu, hasara yangu nani atanirudishia? Watu wa ofisini wanapenda kupanga ratiba kwa kalamu, ila mafuta hayanunuliwi kwa kalamu.

MCHUMI: Hoja yako ni halali na ina jibu. Kusubiri ni huduma, na huduma hulipiwa. LATRA, yenye mamlaka juu ya usafiri wa mabasi na reli pia, inaweza kutenga leseni chache za njia zenye sharti la kukutana na treni, na mwenye leseni hiyo alipwe kwa safari aliyopangiwa hata kama treni imechelewa. Kuhusu kujua treni iko wapi, mkuu wa stesheni ana mawasiliano na stesheni za nyuma. Taarifa ipo, ila haimfikii dereva. Mabasi yenu yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo, LATRA inawaona mkiwa barabarani. Kama serikali inaweza kuliona basi lako likiwa Mikumi, haishindwi kukuambia treni imefika Mlimba.

DEREVA: Hapo umesema. Lakini ahadi ya kulipwa na serikali nimeisikia kwa wakandarasi wadogo wengi, wanalia mpaka leo. Mimi leseni hiyo nitaiomba siku nikiona mwenzangu amelipwa miezi sita mfululizo.

MAMA MFANYABIASHARA: Nami nina swali. Mnapanga basi la asubuhi la kumlaki mgeni wa Dar. Vizuri. Mimi je? Soko langu linataka nifike alfajiri, wanunuzi wa jumla wakiwa wanapakia. Mkiunganisha ratiba, unganisheni na soko pia. Kila mara wataalamu wakija huku wanaanza na mtalii. Mtalii anakuja Juni mpaka Oktoba, anaondoka. Mimi nasafiri mwaka mzima.

MWONGOZAJI: Lakini mama, mgeni analeta fedha za kigeni, na fedha hizo zinafika kijijini. Mimi mwenyewe nakula kwa ajili yake.

MAMA MFANYABIASHARA: Sibishi, mwanangu. Nauliza tu nani anajaza treni Januari.

MCHUMI: Mama amegusa kanuni ya msingi ya biashara hii. Huduma inayomtegemea mtalii peke yake hufa msimu wa mvua. Huduma inayojazwa na wenyeji hudumu, na mtalii akija anaikuta. Wenzetu Kenya, baada ya Madaraka Express kuanza mwaka 2017, waliweka pia treni inayosimama vituo vya katikati, na miongoni mwake ni Mtito Andei na Voi, vinavyopakana na Tsavo. Anayeshuka Voi na begi la safari na anayeshuka na kikapu cha nyanya wamepanda treni moja.

Duru ya tatu: Msitu utalipa nini?

MHIFADHI: Sasa nipeni nafasi. Mmelitaja basi la Morogoro kwenda Ifakara kama kwamba linapita uwanjani. Linapita katikati ya Mikumi, kilomita 50 za barabara kuu ndani ya hifadhi. Kuna vibao vya kilomita 70 kwa saa, kuna matuta, kuna orodha ya faini kwa kila mnyama. Bado tunaokota swala, nyati, fisi, hata twiga. Tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku, na usiku ndio wakati wa mnyama kuvuka. Mkiongeza mabasi, mniambie yatapita saa ngapi.

DEREVA: Mzee, shikamoo yako haijaisha, ila usituweke wote kapu moja. Wengine tunapunguza mwendo. Anayekimbia Mikumi mara nyingi ni lori la masafa marefu au gari dogo lenye haraka.

MHIFADHI: Marahaba. Nakubali wapo wenye adabu. Lakini tumbili aliyekanyagwa hajui tofauti ya basi na lori. Ninachotaka kiandikwe kwenye leseni: mabasi ya kuunganisha na treni yapite Mikumi mchana tu. Na mkitaka kunifurahisha zaidi, lifufueni lile tawi la Kilosa hadi Kidatu. Sukari ya viwanda vya Msolwa na Ruembe inapanda malori na kupita hifadhini. Ingepanda behewa, barabara ile ingepumua.

MCHUMI: Tawi hilo nalo linagusa eneo la Mikumi, mzee, na Kilosa inajulikana kwa mafuriko yanayong'oa tuta la reli. Si kazi ya mwaka mmoja wala ya fedha ndogo. Nalikubali kama lengo la baadaye, silikubali kama sharti la kuanza.

MHIFADHI: Basi tuzungumzie la leo. Treni ya wenyeji ikiimarishwa, gunia la mkaa litapanda kama linavyopanda la mchele. Udzungwa ina mbega mwekundu asiyepatikana popote duniani nje ya milima hii na kandokando yake. Ina kima wa Sanje, ambaye wanasayansi hawakumjua hadi 1979. Msitu wa miteremko ya chini, ule ulio karibu na stesheni, ndio unaoumia kwanza. Mnaweza kuniambia usafiri mzuri hautaongeza bei ya mkaa wa Mang'ula?

MAMA MFANYABIASHARA: Mzee, nikujibu mimi, kwa heshima. Sisi tulikuwa tukiingia msituni kuokota kuni kavu siku moja kwa wiki, mwaka 2011 mkatufungia. Hatukuhama. Tulinunua mkaa. Kwa hiyo mkaa hauletwi na treni, unaletwa na jiko lisilo na kuni. Na jambo jingine: treni inasimama stesheni. Watu wakijenga, wanajenga karibu na stesheni, panajulikana. Basi linasimama popote mtu aliponyoosha mkono, ndiyo maana tangu lami ifike nyumba zinaota barabara nzima. Ukitaka kukagua magunia yangu, njoo stesheni, nitakufungulia. Barabarani utakagua mangapi?

MHIFADHI: Hoja ya stesheni ni nzito, sikuifikiria hivyo. Mzigo unaopita mlango mmoja hukaguliwa kwa urahisi, Wakala wa Misitu wanalijua hilo. Lakini ya kuni siwezi kukupa. Msitu ule ungekuwa umekwisha.

MAMA MFANYABIASHARA: Tutakubaliana kutokubaliana. Lakini hifadhi iliyonifungia kuni inanidai nini tena? Nataka nione inanipa kitu. Treni na basi vitakuwa kitu.

MWONGOZAJI: Mzee, kuna mfano mzuri hapa hapa kwetu. Barabara ya lami ilipojengwa, kiliwekwa kivuko cha tembo chini ya barabara pale Mang'ula, na wanavijiji wamekubali kuacha ardhi ili ushoroba wa kwenda Nyerere ufufuke. Watu waliotoa mashamba yao ya mpunga kwa ajili ya tembo si maadui wa hifadhi. Tukiongeza safari za treni, reli nayo ipangiwe tahadhari pale ushoroba unapoikata: mwendo mdogo usiku, na dereva wa treni apewe taarifa tembo wakionekana karibu.

MHIFADHI: Hilo mkiliandika, mimi nitatia sahihi. Wakenya walipopitisha reli yao Tsavo walijenga madaraja na vivuko ili wanyama wapite chini, na waliyafanya hayo wakati wa ujenzi. Sisi reli yetu ilijengwa enzi ambayo hakuna aliyeuliza. Sasa inafanyiwa ukarabati mkubwa, na safari hii swali lazima liulizwe.

Duru ya nne: Nani alipe?

MCHUMI: Hapa ndipo mjadala mzima unaposimama au kuanguka, basi niseme kwa utaratibu. Septemba 2024, mjini Beijing, Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Mpango ni wa kampuni ya China, CCECC, kuwekeza dola za Marekani zipatazo bilioni 1.4 na kukabidhiwa reli kwa miaka 30. Tuelewe mwekezaji anafuata nini. Anafuata shaba ya Zambia na Kongo. Reli iliyowahi kubeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka ilishuka hadi chini ya laki moja mwaka 2014/15, na mwekezaji anataka kuzirudisha tani hizo. Mama na magunia yake matatu hayumo katika hesabu yake. Treni ya wenyeji, kwa macho ya mwendesha mizigo, inazuia njia: ni reli moja, na kila inaposimama Chita au Ruipa treni ya shaba inasubiri.

MAMA MFANYABIASHARA: Kwa hiyo tumeshauzwa?

MCHUMI: Hapana, mama. Ila msipoandikwa mtasahaulika. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha 2009 kuhusu TAZARA, alionyesha kwa kirefu jinsi wakulima na wachuuzi wa ukanda huu walivyoichukua reli iliyojengwa kwa ajili ya shaba na ukombozi wa kusini mwa Afrika wakaifanya njia yao ya maisha. Hawakupewa, waliichukua kwa kuitumia. Lakini kutumia si haki ya kisheria. Uongozi ukibana matumizi, stesheni ndogo na treni ndogo ndizo huguswa kwanza.

DEREVA: Na sisi wa mabasi tusemeje? Serikali ikianza kuilipia treni, nauli yake ikawa chini, si itakula abiria wangu?

MCHUMI: Itakula wachache wa safari fupi, itakuletea wengi wa safari za kuunganisha. Kusini ya Ifakara wewe hufiki masika. Treni ikiwatoa watu Mlimba mpaka Ifakara au Mang'ula, wa kwenda Morogoro atawapeleka nani? Na tusidanganyane kwamba barabara haina ruzuku. Lami unayokanyaga imejengwa kwa fedha za umma na za wahisani, inatunzwa na Mfuko wa Barabara, wala hakuna anayeuliza kama kilomita 67 zile zimeleta faida. Treni ya wenyeji peke yake ndiyo inayoulizwa faida kila mwaka.

MWONGOZAJI: TANAPA nao wachangie. Kiasi kidogo cha kiingilio kiende kwenye gari la kutoka stesheni ya Mang'ula hadi getini na Sanje, litakalobeba na wanafunzi wa vijiji vile.

MHIFADHI: Hifadhi hii haina mapato ya Serengeti, mwanangu. Wageni wake ni wachache, huwezi kuikamua. Lakini gari moja la pamoja kati ya hifadhi, halmashauri na wenye nyumba za wageni, hilo nitalitetea.

Msimamo wangu

Nimewasikiliza, na ninasimama na Mama Mfanyabiashara, kwa sharti la Mhifadhi.

Nasimama naye kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuufanya usafiri wa bonde hili udumu. Mipango mingi ya usafiri karibu na hifadhi zetu huanza na mgeni, kisha humtafutia mwenyeji nafasi iliyobaki. Ipinduliwe. Treni yenye behewa la magunia na inayosimama kila stesheni itakuwa na abiria Januari na Agosti. Mgeni anayetaka kupanda Sanje ataikuta hapo, tena atasafiri vizuri zaidi kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili yake tu. Udzungwa haihitaji gari, na ndiyo sababu inaweza kuwa hifadhi ya kwanza ya Watanzania wasio na gari.

Sharti la Mhifadhi nalikubali kwa sababu ni kweli: hapa kila njia ya watu imepita juu ya njia ya wanyama. Kati ya kuongeza mabasi barabara nzima na kuimarisha treni inayosimama pale panapojulikana, treni ni salama zaidi kwa msitu, mradi mizigo ikaguliwe stesheni na mwendo upunguzwe kwenye ushoroba. Mabasi ya kuunganisha yapite Mikumi mchana.

Kwa Dereva, sina haki ya kumwambia aamini ahadi. Haki yake ni malipo yanayofika kwa wakati, na serikali isipoweza hilo isimlaumu akiondoka kabla ya treni. LATRA ianze na njia moja, Kihonda hadi Ifakara kupitia Mang'ula, ilipe bila kuchelewa, wengine wataomba wenyewe.

La kwanza kabisa ni mkataba. Serikali yetu, kama mmiliki wa nusu ya TAZARA, idai kwamba uendeshaji mpya uwe na wajibu wa huduma kwa umma: treni ya wenyeji kati ya Kidatu na Makambako, idadi ya safari kwa wiki, stesheni itakazosimama zikitajwa kwa majina, behewa la mizigo midogo, na adhabu isipotembea. Ruzuku yake ipitishwe Bungeni hadharani, kama inavyopitishwa bajeti ya barabara. Kisichoandikwa sasa kitaombwa kama hisani kwa miaka 30. Wabunge wa Kilombero, Mlimba na Mikumi wana kazi ya kuuliza maswali haya kwa jina la kila stesheni, na wapiga kura wao wana kazi ya kuwauliza kama wameuliza.

Siku mwendeshaji mpya atakapobandika ratiba yake Mang'ula, wakazi wa pale wana njia rahisi ya kujua kama wamo kwenye mpango. Watafute kwanza mstari wa treni inayosimama Ruipa, Chita na Mngeta, kisha waangalie kama saa zake zinakutana na basi. Vikikosekana vyote viwili, ukarabati wa dola bilioni 1.4 utakuwa umepita kijijini kwao bila kusimama, nao watakuwa na kila sababu ya kwenda ofisi ya mbunge siku hiyohiyo.